Marekani: Fedha za kulinda shule huishia wapi?

Mzazi anayemwandikisha mtoto wake kwa mara ya kwanza katika shule ya umma ya jimbo la Florida, kusini mashariki mwa Marekani, hupeleka cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo na uthibitisho wa mahali anapoishi. Kisha hujaza fomu. Ndani yake huulizwa iwapo mtoto aliwahi kufukuzwa shule au kushitakiwa, na iwapo mambo hayo yaliambatana na kupelekwa kwenye huduma za afya ya akili.

Swali hilo la mwisho liliingizwa mwaka 2018. Sheria iliyolileta ndiyo hiyo hiyo inayomlipa mlinzi mwenye bastola anayesimama karibu na lango, na ndiyo hiyo hiyo inayomlipa, pale anapopatikana, mshauri nasaha anayekaa katika ofisi iliyo mwisho wa ukumbi. Kwa wazazi wanaozungumza Kiswahili, ambao wengi wao waliwapeleka watoto Marekani wakikimbia bunduki, si jambo dogo kufahamu jinsi fedha hizo zinavyotolewa na zinavyogawanywa.

Siku 23

Tarehe 14 Februari 2018 kijana wa miaka 19 aliyekuwa ameondolewa katika shule ya sekondari ya Marjory Stoneman Douglas, mjini Parkland, aliingia katika jengo namba 12 la shule hiyo akiwa na bunduki aliyoinunua kihalali. Aliwaua watu 17, wanafunzi 14 na watumishi watatu, na kuwajeruhi wengine 17. Mauaji ya aina hiyo yalikuwa yamekwisha kutokea mara nyingi nchini Marekani, na mara nyingi yalifuatiwa na maombolezo, mjadala wa wiki mbili tatu na kisha ukimya. Safari hii wanafunzi walionusurika hawakungoja. Walipanda mabasi hadi Tallahassee, makao makuu ya jimbo, wakawafuata wabunge ofisini.

Siku 23 baada ya mauaji, tarehe 9 Machi, Gavana Rick Scott wa chama cha Republican alitia saini sheria iliyopewa jina la shule hiyo. Florida ilikuwa ikijulikana kwa ulegevu wa sheria zake za silaha, na kwa sababu hiyo vipengele vya bunduki ndivyo vilivyotangazwa zaidi duniani. Umri wa kununua bunduki ulipandishwa kutoka miaka 18 hadi 21, mnunuzi akawekewa muda wa kungoja, na polisi wakaruhusiwa kuomba amri ya mahakama ya kumnyang'anya silaha mtu anayeonekana kuwa hatari. Chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, kilikwenda mahakamani siku hiyo hiyo.

Upande wa fedha ulizungumzwa kidogo, ingawa ndio unaoyagusa maisha ya kila siku ya mtoto wa Florida hadi leo. Sheria ilitenga kiasi cha dola milioni 400. Kati ya hizo, milioni 97 na nusu ziliongezwa katika fungu la askari wa shule. Karibu milioni 99 zilikuwa za kuimarisha majengo, yaani milango, kufuli, kamera na nyua. Milioni 67 zilitengwa kwa ajili ya walinzi wenye silaha wasiokuwa polisi. Afya ya akili mashuleni ilipata milioni 69, na milioni 18 zaidi zilikwenda kwa vikosi vinavyosafiri kumfuata mtu aliyezidiwa na msongo wa akili mahali alipo. Zaidi ya milioni 25 ziliwekwa kando ili kujenga jengo jingine badala ya lile namba 12, ambalo lilibaki limesimama kama ushahidi wa mahakamani hadi lilipoanza kubomolewa Juni 2024.

Mifuko miwili

Ili kufahamu safari ya fedha hizo, ni lazima kwanza kuelewa kwamba nchini Marekani shule si mali ya wizara moja iliyo katika mji mkuu. Serikali ya shirikisho mjini Washington huchangia sehemu ndogo tu ya gharama za shule. Mzigo mkubwa hubebwa na jimbo pamoja na wilaya ya shule, ambayo hutegemea kodi ya ardhi na majengo. Florida ina kaunti 67, na kila kaunti ni wilaya moja ya shule, yenye bodi iliyochaguliwa na wapiga kura.

Kila mwaka Bunge la Florida hutia fedha katika mifuko miwili tofauti. Wa kwanza ni mgawo wa shule salama, ambao hulipia zaidi maafisa wa ulinzi. Kila wilaya, hata iliyo ndogo kabisa, hupata kiwango cha chini cha dola 250,000, na kinachobaki hugawanywa kwa kutazama wingi wa wanafunzi pamoja na hali ya uhalifu katika eneo. Mfuko wa pili ni mgawo wa afya ya akili. Huu ulianzishwa na sheria ya 2018, na kiwango chake cha chini ni dola 100,000 kwa wilaya. Kinachobaki hufuata idadi ya wanafunzi. Ili kupata mgawo huo, wilaya hutakiwa kupeleka mpango wake kwa jimbo kila ifikapo tarehe 1 Agosti, ikieleza ni wataalamu gani itawaajiri na mtoto atapimwa na kusaidiwa vipi. Sheria ya mwanzo iliagiza pia kwamba asilimia 90 ya mgawo itumike kwa huduma zinazomfikia mtoto moja kwa moja, wala si kwa semina na vipeperushi. Sharti hilo halikuwa la bure, kwa kuwa fedha za namna hii zina tabia ya kuyeyukia njiani.

Mifuko yote miwili imekua. Katika mwaka wa fedha wa 2024-25 wa kwanza ulifikia dola milioni 290, na wa pili milioni 180. Ukizigawa kwa watoto wapatao milioni 2.8 wa shule za umma za Florida, kila mtoto anaangukiwa na dola zipatazo 100 za ulinzi na kama dola 64 za afya ya akili kwa mwaka mzima. Mwaka 2018 zile za afya ya akili zilikuwa dola 25 hivi kwa mtoto. Hayo ni maendeleo makubwa. Ni kweli pia kwamba kwa daktari binafsi wa akili katika miji mingi ya Marekani, dola 64 hazimalizi hata kikao kimoja.

Lakini tofauti iliyo kubwa kuliko ya ukubwa wa mifuko ni kwamba mmoja una amri nyuma yake, na mwingine hauna. Sheria inasema kila shule ya umma lazima iwe na afisa wa ulinzi. Anaweza kuwa askari wa sherifu, polisi wa wilaya ya shule, au mlinzi aliyefunzwa chini ya mpango uliopewa jina la Aaron Feis, kocha wa shule ya Parkland aliyeuawa siku ile. Shule haina hiari katika jambo hilo. Haikusema, kwa upande mwingine, kwamba kila shule lazima iwe na mshauri nasaha, wala haikuweka idadi ya wanafunzi ambayo mshauri mmoja asiivuke.

Matokeo yake hayahitaji mtaalamu wa hesabu kuyaona. Fedha zinapopungua, kilichoamriwa hulipwa kwanza. Mshahara wa afisa mwenye silaha, pamoja na bima yake, gari na malipo ya uzeeni, mara nyingi huzidi mgawo uliotoka Tallahassee, na wilaya hulazimika kujazia. Mwaka 2018 wilaya za Broward na Miami-Dade, zilizo miongoni mwa kubwa kabisa nchini Marekani, zilikwenda kwa wapiga kura kuomba nyongeza ya kodi ya majengo kwa ajili ya mishahara ya walimu na ulinzi wa shule. Wapiga kura walikubali. Wilaya ndogo za vijijini hazina majengo ya kutoza kodi ya namna hiyo, na nyingi zilichagua njia ya walinzi wasiokuwa polisi, ambao mafunzo yao kwa mujibu wa sheria ya awali yalikuwa saa 144. Tangu 2019 hata mwalimu wa darasani anaweza kujitolea kuwa mlinzi wa aina hiyo, iwapo bodi ya wilaya yake itaridhia.

Kuna sababu nyingine ambayo ni ya kibinadamu zaidi. Mlango wa chuma huonekana, na mwanasiasa anaweza kupigwa picha mbele yake. Ukishalipiwa hausubiri mshahara wa mwezi ujao. Mshauri nasaha huhitaji mkataba, huhitaji ofisi yenye mlango unaofungika ili mtoto aseme bila kusikika, na kazi yake ikifanikiwa hakuna tukio la kuonyesha. Juu ya hayo, hapatikani kwa urahisi. Chama cha washauri wa shule wa Marekani hupendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250. Katika mwaka wa masomo wa 2022-23 wastani wa nchi ulikuwa mmoja kwa 385. Taasisi ya kutetea haki za kiraia, ACLU, ilikokotoa mwaka 2019 kwamba wanafunzi milioni 14 nchini humo walikuwa wakisoma katika shule zenye polisi lakini zisizo na mshauri, muuguzi, mwanasaikolojia wala afisa wa ustawi wa jamii.

Je, silaha langoni husaidia?

Watetezi wa ulinzi wa silaha wana hoja ambayo haiwezi kupuuzwa: mauaji ya shuleni huchukua dakika chache, na polisi wa kuitwa kutoka mjini hufika yamekwisha. Mzazi yeyote anayemwacha mtoto langoni asubuhi anaielewa hoja hiyo bila kusomewa takwimu.

Ushahidi uliopo hauko upande mmoja, ila hautoi faraja wanayoitarajia wengi. Parkland yenyewe ilikuwa na askari mwenye silaha, ambaye alibaki nje wakati risasi zikilia ndani. Alishitakiwa kwa kutotimiza wajibu na mahakama ikamwachilia mwaka 2023. Mjini Uvalde, Texas, tarehe 24 Mei 2022, maafisa 376 wa vyombo mbalimbali walifika katika shule ya msingi ya Robb, na ilichukua dakika 77 kabla ya kumkabili muuaji. Watoto 19 na walimu wawili walipoteza maisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la kitabibu la JAMA Network Open ulipitia matukio 133 ya ufyatuaji risasi mashuleni kati ya 1980 na 2019, na haukuona kwamba kuwapo kwa mlinzi mwenye silaha kulipunguza vifo. Watafiti walikumbusha kwamba wengi wa wauaji hawa huja wakiwa wamekata tamaa ya kuishi, na mtu wa namna hiyo bastola ya mlinzi haimtishi.

Hata hivyo Texas ilijibu msiba wa Uvalde kwa njia iliyofanana na ya Florida. Sheria ya 2023 iliagiza kila shule ya umma iwe na afisa mwenye silaha, na kutoa dola 15,000 kwa kila shule na dola 10 kwa kila mwanafunzi. Wakuu wa wilaya walilalamika mara moja kwamba dola 15,000 hazimlipi askari hata wa miezi michache.

Tukio la Georgia la tarehe 4 Septemba 2024 linastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwani linaonyesha mifuko yote miwili ikifanya kazi, na kutofanya kazi, katika asubuhi moja. Katika shule ya sekondari ya Apalachee, mjini Winder, walimu walikuwa wamepewa muda mfupi tu kabla kadi za kuvaa shingoni zenye kitufe cha dharura. Walizibonyeza. Maafisa wa shule walimfikia mshambuliaji katika muda wa dakika chache naye akajisalimisha. Wanafunzi wawili na walimu wawili walikuwa wamekwisha kuuawa, lakini ni dhahiri kwamba idadi ingekuwa kubwa zaidi bila vifaa hivyo na watu hao.

Mtuhumiwa alikuwa na umri wa miaka 14. Zaidi ya mwaka mmoja kabla, shirika la upelelezi la FBI lilipokea taarifa za vitisho vilivyoandikwa kwenye intaneti, na maafisa wa sherifu wakaenda kumhoji yeye na baba yake. Baadaye kijana alihamia wilaya nyingine ya shule. Na kwa maelezo ya jamaa zake, asubuhi ile ile ya tukio mama yake alikuwa amepiga simu shuleni kuonya kwamba kuna jambo la hatari. Kadi ya shingoni ilifanya kazi yake. Habari za mtoto, zilizokuwa zikijulikana na watu kadhaa katika ofisi kadhaa, hazikukutana kwa wakati. Mwaka 2025 Georgia ilipitisha sheria yake yenyewe, inayosisitiza kwamba kumbukumbu za mwanafunzi anayehama zifike haraka katika shule yake mpya.

Wanaosikia kabla

Kikosi cha Secret Service, ambacho kazi yake inayofahamika ni kumlinda rais wa Marekani, kina kituo cha kuchunguza watu wanaopanga mashambulizi. Mwaka 2019 kituo hicho kilichapisha uchambuzi wa mashambulizi 41 yaliyofanyika mashuleni kati ya 2008 na 2017. Washambuliaji wote walikuwa wameonyesha mwenendo uliowatia watu wasiwasi kabla ya siku ya tukio. Wengi walikuwa wameonewa na wenzao, na wengi walimwambia mtu fulani kuhusu nia yao. Silaha mara nyingi ilitoka nyumbani. Miaka miwili baadaye kituo kilitazama njama 67 zilizogunduliwa kabla ya kutekelezwa, na mara nyingi aliyeziokoa shule hizo alikuwa mwanafunzi mwenzake aliyesikia neno na kulipeleka kwa mtu mzima anayemwamini.

Ni hapo kati ya mifuko miwili ambapo Florida iliweka chombo kisichopigwa picha na mtu yeyote: timu ya kutathmini vitisho. Kila shule inatakiwa kuwa na timu yenye mtu wa ushauri nasaha, mwalimu, msimamizi wa shule na askari. Mwanafunzi akisema au akiandika jambo la kutisha, timu hukutana, huuliza kuna nini nyumbani, ana silaha, ameonewa na nani, na huamua asaidiwe vipi. Tangu Januari 2024 jimbo zima linafuata utaratibu mmoja, na kumbukumbu humfuata mtoto anapohama. Pia ipo programu ya simu iitwayo FortifyFL, iliyozinduliwa Oktoba 2018, ambayo humwezesha mwanafunzi kutoa taarifa bila kujitaja jina.

Timu hiyo ni nzuri kwa kadiri ya watu waliomo. Ikiwa mshauri nasaha ana wanafunzi mia nne na ofisi katika shule mbili, mwenye nafasi na sauti mezani huwa askari. Hapo kisa cha mtoto mwenye huzuni hugeuka kwa wepesi kuwa kisa cha polisi.

Florida ina sheria mbili ambazo mzazi mgeni anapaswa kuzijua mapema kuliko zote. Ya kwanza ni ile inayofanya kuandika na kutuma kitisho cha kuua au cha kufyatua risasi shuleni kuwa kosa kubwa la jinai la daraja la pili, ambalo kwa mtu mzima adhabu yake inaweza kufika miaka 15 gerezani. Sheria ya Parkland ilipanua kosa hilo, na ujumbe wa simu unahesabiwa kuwa maandishi. Kijana anayesema baadaye kwamba alikuwa akitania hukuta utani huo umekwisha kufika kwa sherifu.

Ya pili ni ya tangu miaka ya 1970, nayo hujulikana kama Sheria ya Baker. Inaruhusu mtu anayeonekana kuwa hatari kwake mwenyewe au kwa wengine kwa sababu ya ugonjwa wa akili kupelekwa hospitali, hata bila ridhaa yake, kwa uchunguzi wa hadi saa 72. Inawahusu watoto pia, na askari wa shule ni miongoni mwa wenye mamlaka ya kuanzisha hatua hiyo. Katika mwaka wa fedha wa 2018-19 watoto wa Florida walifanyiwa uchunguzi wa namna hiyo zaidi ya mara 37,000. Baada ya malalamiko ya wazazi waliopata habari mtoto akiwa tayari ndani ya gari la polisi, sheria ya 2021 iliziagiza shule zijitahidi kumfikia mzazi kabla ya mtoto kuondolewa shuleni.

Kumfikia kwa lugha gani?

Katika muongo uliopita Wakongo walikuwa miongoni mwa makundi makubwa kuliko yote ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, hadi mpango huo ulipositishwa Januari 2025. Wengi walitoka mashariki mwa nchi yao wakapitia kambi kama Nyarugusu nchini Tanzania au Kakuma nchini Kenya, na Kiswahili ndicho walichokwenda nacho. Wako Jacksonville, kaskazini mwa Florida. Wako Clarkston, mji mdogo ulio pembeni mwa Atlanta. Wako Louisville, Houston na miji mingine mingi. Watoto wao wako katika shule zenye lango la umeme na kamera.

Mtoto aliyezaliwa kambini na mtoto aliyeona kijiji kikichomwa hawaingii katika mazoezi ya kujificha chini ya madawati kama wenzao. Kwa mwenzake ni zoezi la kuchosha. Kwake king'ora na giza vinaweza kurudisha usiku alioufikiri umekwisha. Akichora bunduki katika daftari, huenda anachora alichokiona. Mwalimu asiyejua hilo ana fomu ya timu ya vitisho mbele yake, na wajibu wa kuijaza.

Upande wa pili yuko mzazi. Maneno "afya ya akili" ni mapya katika Kiswahili cha majumbani, na yanapotoka kinywani mwa mkalimani wa simu, mama wa Uvira au Fizi husikia jambo moja tu: mwanangu anaitwa kichaa. Sonona, mfadhaiko, mshituko wa vita, hayo ni maneno ya redio na ya hospitali. Nyumbani husemwa kwamba mtoto amenyamaza sana, halali, hali, anakaa peke yake. Mkalimani mwema huyatumia maneno hayo ya nyumbani, na mazungumzo huwa mengine kabisa. Wakalimani wa namna hiyo wapo, ila ni wachache, na mshauri nasaha anayezungumza Kiswahili mwenyewe ni nadra zaidi. Mara nyingi anayetafsiri katika kikao ni dada mkubwa wa mtoto, mwenye miaka 15, ambaye huchagua lipi baba alisikie na lipi asilisikie.

Sheria ya haki za kiraia ya 1964 inakataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kuwabagua watu kwa asili yao ya taifa, na kwa miaka mingi imefahamika kwamba hilo linajumuisha kuzungumza na mzazi kwa lugha anayoielewa. Mwongozo wa 2015 ulieleza waziwazi kwamba mwanafunzi asitumiwe kuwa mkalimani. Mwongozo huo uliondolewa mwaka 2025. Sheria yenyewe ingalipo, na mzazi anayeomba mkalimani anaomba kilicho haki yake.

Fedha zenye tarehe ya mwisho

Sehemu kubwa ya washauri walioongezeka mashuleni katika miaka ya karibuni hawakuajiriwa kwa fedha za majimbo, bali kwa ruzuku za Washington. Wakati wa janga la korona Bunge la Marekani, Congress, lilizipatia shule karibu dola bilioni 190 kupitia sheria tatu, na wilaya nyingi zilitumia sehemu yake kuwaajiri wataalamu wa akili. Muda wa kuziingiza fedha za mwisho katika mikataba ulimalizika Septemba 2024, na baadhi ya ajira hizo zikamalizika pamoja nazo.

Baada ya Uvalde, Congress ilipitisha Juni 2022 sheria ya silaha na usalama iliyoungwa mkono na vyama vyote viwili, jambo la nadra. Ndani yake kulikuwa na dola bilioni moja kwa miaka mitano za kuwafundisha na kuwaajiri wataalamu wa afya ya akili mashuleni, kwa kuzingatia maeneo yenye uhaba. Mwishoni mwa Aprili 2025 wizara ya elimu chini ya utawala wa Rais Donald Trump iliziandikia wilaya na vyuo kwamba ruzuku zipatazo dola bilioni moja hazitaendelezwa, ikisema namna zilivyotolewa chini ya utawala uliotangulia haiendani na vipaumbele vyake. Majimbo 16 yalifungua kesi kupinga. Florida haikuwamo.

Kwa jimbo lenye mfuko wake wenyewe kama Florida pigo hilo lina makali kidogo. Kwa lisilo nao, mshauri aliyeanza kuzoeleka na watoto mwezi Septemba anaweza kuwa hayupo ifikapo Juni, na mtoto aliyechukua miezi sita kufungua kinywa huanza tena na mtu mwingine, au haanzi.

Huko Florida ratiba ya mwaka inaendelea kama kawaida. Mpango wa ulinzi wa shule, ukieleza kamera ziko wapi na maafisa wangapi wanalinda, ni siri kwa mujibu wa sheria na hautolewi kwa mtu wa nje. Mpango wa afya ya akili si siri. Hupitishwa na bodi ya wilaya kabla ya kupelekwa Tallahassee ifikapo tarehe 1 Agosti, na mzazi yeyote anaweza kuuomba, akaona humo ni washauri wangapi wameandikwa kwa ajili ya watoto wangapi.